Utamu wa bata mzinga uko kwenye mifupa

JIKONI UGHAIBUNI
Na Saumu Mbwana

Niseme lisilosemwa mezani: bata mzinga wa Thanksgiving hana utamu wa kusifiwa hivyo. Kidari ni kikavu, na pasipo ule mchuzi mzito wa kumwagia juu hakimezeki. Wamarekani wenyewe wanajua, ila sikukuu ni sikukuu. Utamu wa ndege huyu hupatikana kesho yake, kwenye mifupa ambayo watu huitupa jalalani pamoja na sahani za karatasi.

Sisi tuliokulia supu ya makongoro hatuna kisingizio, mifupa tunaijua. Kinachotushinda huku ni muda. Nani atashinda jikoni na zamu inamngoja? Dawa yake ni chungu cha umeme cha kupikia polepole, kile ambacho baadhi yetu hukibeza kwamba ni cha wavivu.

Wanaokibeza hawajui kilikotoka. Irving Naxon, mvumbuzi wa Chicago, alipata hataza yake mwaka 1940. Wazo alilipata kwa mama yake, mwenye asili ya Lithuania, aliyemsimulia kuhusu cholent: chakula cha Wayahudi kilichopelekwa kwenye tanuri la mwoka mikate Ijumaa kabla ya Sabato kuingia, kikaiva usiku kucha kwa joto lililobaki. Kampuni ya Rival ilinunua biashara ya Naxon, na mwaka 1971 ikakitoa chungu hicho kwa jina la Crock-Pot. Walioking'ang'ania ni akina mama waliokuwa wakitoka asubuhi kwenda kazini. Hao ndio wavivu?

Tuje kwenye supu. Vunjavunja gofu la bata lienee chunguni. Tia kitunguu, karoti, seleri, tangawizi iliyopondwa na pilipili manga nzima. Mwagia maji yaliyochemka, si ya baridi, kwa sababu chungu hiki hupata moto taratibu na vijidudu hupenda uvuguvugu. Weka moto mdogo, funika, nenda zako kazini. Kufunuafunua ni kupoteza joto bure. Baada ya saa nane hadi kumi, kano na ngozi zitakuwa zimetoa ute wake wote. Supu hiyo ukiilaza kwenye friji, asubuhi utaikuta imeganda, inatikisika. Hapo ujue umepika.

Chuja, kisha ndipo utie chumvi. Usiitie mapema, maana bata wengi wa madukani huku hudungwa maji ya chumvi kiwandani. Rudisha nyama uliyoichambua, pandisha moto hadi supu ichemke.

Wengi huharibu kwenye tambi. Wanazitia chunguni mapema pamoja na vitu vingine, jioni wanakuta uji. Tambi za mayai huiva kwa dakika chache tu. Zichemshe kando, zigawe kwenye mabakuli, mwagia supu juu, kamulia ndimu. Mtu wa Pwani aliyezoea tambi za sukari na tui atakunja uso kuziona zinaogelea kwenye mchuzi wa ndege. Mpe kijiko kwanza, abishe baadaye.

Jambo moja halina mjadala. Wizara ya Kilimo ya Marekani inashauri mabaki yaingie kwenye friji ndani ya saa 2, na yaliwe ndani ya siku 3 hadi 4. Gofu lililosahauliwa mezani hadi usiku wa manane, watu wakitazama mpira, halifai supu hata ulichemshe vipi.

Kwa hiyo, Alhamisi ya nne ya Novemba ukialikwa kwa jirani au kwa bosi wako, kula kwa adabu, sifu mapishi, halafu omba mifupa kabla meza haijasafishwa. Usione haya. Hakuna atakayekugombania.