Mashetani wa kwenye gemu wanasema Kiswahili chetu

Leo tunaomba ruhusa tuiweke siasa pembeni, ingawa mtaona wenyewe kwamba siasa haikubali kuwekwa. Tunataka kuzungumzia gemu za kompyuta. Wako watakaosema: watu wazima, miaka arubaini na ushei, wamesoma mpaka chuo kikuu, wanakaa kucheza gemu? Naam, tunacheza. Mtu aliyeikimbia nchi yake usiku wake huwa mrefu, na hapa Wattaya maduka ya magari yakishafunga, hubaki mngurumo wa barabara kuu na televisheni.

Lililotusukuma kuandika ni hili. Usiku mmoja tulikuwa tukicheza Resident Evil 5, gemu ya kampuni ya Kijapani Capcom iliyotoka mwaka 2009. Mtoto wa jirani, ambaye Kiarabu chake ni cha skuli na Kiingereza chake ni cha katuni, akaingia bila ya kubisha hodi. Kiswahili yeye hukisikia kwa bibi yake tu, mzaliwa wa Ng'ambo, Unguja. Akasimama, akasikiliza, kisha akauliza: “Ami, mbona hawa mashetani wanasema kama bibi?”

Tukazima. Kwanza gemu ile si ya watoto, na kosa lilikuwa letu. Pili, hatukuwa na jawabu.

Maana ni kweli. Gemu ile inatupeleka mahali pa kubuni panapoitwa Kijuju, na twaambiwa pako Afrika Magharibi. Lakini wakaazi wake, walioingiliwa na vidudu vya maradhi wakawa mahayawani, wanapiga kelele kwa Kiswahili, na jina lao ni Majini. Hakuna aliyeona haja ya kujiuliza Kiswahili kimefikaje huko. Ilitakiwa lugha ya Kiafrika ya kutisha, ikachukuliwa yetu. Kwa kuicheza ni gemu nzuri, mapigo yake yanasisimua. Lakini mtoto anayekutana na lugha ya bibi yake kinywani mwa shetani, kesho atataka kuisema?

Tusiwe wachoyo wa haki, wako waliotutendea vyema. Mwaka 2005 ilitoka Civilization IV, na muziki wa kuifungulia ni “Baba Yetu”, Sala ya Bwana kwa Kiswahili, iliyotungiwa muziki na Mmarekani Christopher Tin. Mwaka 2011 wimbo huo ulipata tuzo ya Grammy, wa kwanza uliotungiwa gemu kuipata. Sisi ni Waislamu na sala ile si yetu, lakini tulipoisikia mara ya kwanza nywele zilitusimama. Lugha ni ile ile. Mmoja kaivisha jini, mwengine kaivisha kwaya.

Halo 3: ODST, nayo ya mwaka 2009, inapigana vita vyake katika Mombasa mpya ya karne zijazo. Humo mna Kizingo na Kikowani, majina ambayo Mmombasa yeyote anayajua. Tulizunguka mitaa ile usiku mzima tukitafuta harufu ya mahamri. Majina yamo, watu wa Mombasa hawamo.

Sasa tuje kwetu. Katika Civilization VI ya mwaka 2016, Zanzibar ni dola ya mji, inayojitegemea. Msitucheke, tulipoiona mara ya kwanza tuliita watu waje kutazama. Inatoa mdalasini na karafuu ambazo huzipati kwa njia nyengine yoyote. Lakini angalieni masharti: mchezaji hawezi kuichagua akaitawala tangu mwanzo, na yenyewe haiwezi kushinda kamwe. Kazi yake ni kukaa na kugombewa na wakubwa, na anayepeleka wajumbe wengi zaidi ndiye anayekula karafuu. Aliyeitunga huenda hajafika Darajani, lakini historia yetu ameipatia kuliko alivyokusudia.

Kwa hivyo tukipima zote, gemu yetu ni Europa Universalis IV ya mwaka 2013. Inaanzia mwaka 1444, na humo unaweza kuwa Kilwa mwenyewe. Wareno waliivamia Kilwa mwaka 1505, na sisi sebuleni Wattaya tuliwangoja kwa merikebu. Ila nayo ina ila. Mali ya soko la Zanzibar hufuata mishale isiyogeuka, mpaka iishie Venice, Genoa au pwani ya Uingereza. Mababu zetu walikwenda kwa kusi na kurudi kwa kaskazi, baina ya Unguja, Maskati na Bara Hindi. Bahari yao ilikuwa na kwenda na kurudi. Ya gemu ni ya kwenda tu.

Waganda wametutangulia: Civilization VII ya mwaka 2025 imeiweka Buganda miongoni mwa mataifa ambayo mchezaji anayashika. Sisi tunangoja nani? Vijana wetu wanaosoma kompyuta hapa Oman, Uingereza na Canada ni wengi. Gemu ya nahodha na jahazi lake, upepo, bandari na bei ya karafuu, haihitaji mapesa ya Capcom. Inahitaji mtu anayejua tofauti ya kusi na kaskazi, na mtu huyo hatopatikana Tokyo.

Na wazazi, msiishie kupiga marufuku. Kaeni nao, mchague pamoja, muwaambie lipi la kweli na lipi la uongo. Yule mtoto tulimwita tena, tukamfungulia Civilization VI, tukamwonesha Zanzibar na alama yake ya karafuu. Akauliza: “Ndiyo zile bibi anazotia kwenye chai?” Tukamwambia ndizo, nenda kamuulize zilitoka wapi.

Akaenda. Tunasikia bibi hakulala mapema usiku ule.