Diablo Immortal: mchezo wa bure, mfuko wazi

Tangu mwezi wa sita mwaka 2022, mwenye simu anaweza kupakua Diablo Immortal bila kulipa kitu. Siku za kwanza ni raha tupu: mazimwi yanaanguka, shujaa anapanda ngazi upesi. Kisha mwendo unakwama. Nguvu ya shujaa inategemea vito, na vito vya nyota tano ni adimu sana. Ili kuongeza bahati ya kuvipata, mchezaji anaingia pangoni akiwa na nembo maalum. Nembo za bure ni chache mno. Anayetaka nyingi anazinunua kwa pesa halisi, na hata akinunua, bado ni bahati.

Hapo wachezaji wana haki ya kukasirika. Wengi wao walilipia Diablo za zamani bila kunung'unika. Kinachowauma ni kwamba ukuta huu haupandwi kwa ujuzi wala kwa kuvumilia.

Blizzard ilikwisha kuonja jambo hili. Diablo III, iliyotoka mwaka 2012, ilikuwa na soko la mnada ambako silaha ziliuzwa kwa pesa. Kampuni ililifunga mwezi wa tatu 2014, ikikubali kwamba liliharibu utamu wenyewe wa kuua zimwi na kuokota silaha. Miaka minane baadaye, pesa zikarudi kwa mlango mwingine.

Ubelgiji, ambako masanduku ya bahati yanabanwa kama kamari, na Uholanzi, Immortal haikutolewa. Kampuni iliona afadhali kukosa nchi mbili kuliko kuondoa bahati nasibu yake.