TIJA NI YA NANI?

Tunaambiwa kila siku kwamba mtaji wa wawekezaji utaongeza tija katika kilimo. Hatuupingi mtaji. Tunauliza tu: tija hiyo itapimwa kwa magunia ya nani?

Tutazame Kapunga, jirani na Chimala. Shamba lile la mpunga lilikuwa la NAFCO, shirika la umma, nalo lilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mwaka 2006 Serikali ililiuza kwa kampuni binafsi. Katika mauzo hayo hekta 1,870 za Kijiji cha Kapunga zilihesabiwa kuwa sehemu ya shamba, ingawa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilikwisha kuwapo. Wanakijiji waliidai ardhi yao miaka mingi, hata Serikali ikakubali irudishwe.

Miaka hiyo imeandikwa wapi katika hesabu za tija? Mkulima asiye na hakika ya kuvuna alipopanda hasawazishi majaruba wala hachimbi mfereji. Mtaji hueneza tija pale tu jirani wa shamba kubwa anapokuwa na ardhi ya uhakika, zamu ya maji ya haki, na nafasi ya kujifunza ufundi mpya.

Kwa hiyo tunadai: kabla mkataba wowote haujatiwa sahihi, wanakijiji waikague mipaka kwa miguu yao, na masharti yasomwe kwa Kiswahili katika Mkutano wa Kijiji. Uwekezaji unaoogopa kusomwa hadharani si maendeleo. Ndugu, hudhurieni mikutano yenu, ulizeni, na majibu yaandikwe.