Mangobo: kiwanja cha watoto nacho hakiuzishwe

Jioni katika komini ya Mangobo, masomo yakiisha, mpira wa matambara unachezwa katikati ya barabara. Motari anapiga honi, watoto wanatawanyika hadi ukingoni mwa mtaro, akipita, wanarudi. Siku moja mmoja wao atachelewa kukimbia, na mtaa mzima utamlaumu motari peke yake.

Lakini watoto hao wangecheza wapi? Mangobo ni kati ya komini zenye watu wengi zaidi mjini Kisangani. Parsele iliyokuwa ya familia moja, chini ya mwembe, leo imejaa nyumba za watoto waliooa na vyumba vya wapangaji. Zimebaki sehemu za wote: kiwanja cha mpira, uwanja wa shule, kona iliyoachwa wazi penye njia panda. Katika miji ya Kongo, hizo ndizo mara nyingi huishia kuuzwa.

Namna zinavyopotea inajulikana. Mchanga unamwagwa, matofali yanafuata, kisha mtu anatokea na karatasi yenye muhuri. Na bado sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, ibara ya 55, inasema kwamba ardhi iliyotengwa kwa matumizi ya umma haiwezi kupewa mtu mpaka iondolewe kwanza kwenye matumizi hayo kwa utaratibu wa sheria. Familia zenye ugomvi wa urithi huandika ukutani: "Parsele hii haiuzishwe." Kiwanja cha watoto hakina mtu wa kukiandikia hivyo.

Wakubwa wakigusia jambo hili, wanataja bustani kubwa, bembea kutoka ng'ambo, na mfadhili ambaye hajafika. Si lazima. Mwaka wa 1947, Amsterdam ikiwa imetoka vitani, msanifu kijana Aldo van Eyck alianza kugeuza vipande vya ardhi vilivyokaa bure kuwa viwanja vya watoto: shimo la mchanga lenye ukingo wa saruji, vyuma vya kupandia, mabenchi. Wakaaji wenyewe waliiandikia manispaa kuomba kiwanja mtaani mwao. Kufikia miaka ya 1970 vilikuwa vimefika karibu 700. Kisangani nayo iliona vita vya siku sita, Juni 2000. Watoto waliojificha chini ya vitanda wakati ule, leo ni wazazi.

Mangobo ingehitaji vitu vichache: miti ya kivuli, mtaro ili maji ya mvua yasituame na kuzaa mbu, matuta barabarani, na benchi ambapo mama anayeuza mikate anaweza kuketi akiwaona watoto. Yote hayo ni bure kama ardhi yenyewe itauzwa kesho.

Likizo kubwa inaanza Julai. Kabla ya hapo, komini inaweza kupima viwanja vilivyobaki, kuviandikisha kuwa mali ya umma, kubandika orodha mlangoni pa ofisi yake, na kusimamisha ubao kwenye kila kimoja: hakiuzishwe.