Aliyepigwa na Kiharusi Bado Anatuhitaji

Ndugu zangu wa Nyarugusu, mnaoshinda kwenye maduara, makarasha na mialo ya dhahabu, nanyi mama zetu wa sokoni, nawaomba tuzungumze habari za jirani aliyepigwa na kiharusi.

Akirudi kutoka hospitali, sote tunatazama mkono na mguu. Akianza kutembea, tunasema amepona. Lakini kiharusi huumiza ubongo, mshipa wa damu unapoziba au kupasuka, na humo ndimo zilimo kumbukumbu, maneno na hisia zetu. Mtu anaweza kutembea vizuri na bado akashindwa kuhesabu chenji. Akiumia upande wa kushoto wa ubongo, huenda akakosa maneno ingawa anaelewa mengi anayoambiwa. Akiumia upande wa kulia, huenda asiutambue upande wake wa kushoto, akala nusu ya sahani akidhani kamaliza. Wengine hulia au kucheka pasipo sababu. Na takribani mmoja kati ya watatu hupatwa na sonona.

Sisi tunamwita mvivu, mkorofi, au tunasema karogwa. Hilo la kurogwa ndilo la hatari zaidi, kwa kuwa hutufanya tumtafute mchawi. Geita na Shinyanga zimezika vikongwe waliouawa kwa tuhuma za uchawi, tusiongeze kaburi jingine. Chanzo kikubwa cha kiharusi ni shinikizo la damu lisilotibiwa, na hapa nchini kiharusi si cha nadra: utafiti wa miaka ya 2003 hadi 2006 ulikuta Dar es Salaam wagonjwa wapya wapatao 108 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka.

Basi tufanye haya. Tumzungumzishe polepole, swali moja moja, ajibu hata kwa kutikisa kichwa, wala tusimkatize. Tumpe kazi anayoimudu na tumuulize ushauri kama zamani. Akikosa usingizi, akisusa chakula au akisema afadhali afe, tusimwache peke yake. Tumpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo na tueleze wazi, kwa kuwa sonona hutibika. Dawa za presha asiziache hata akijisikia mzima.

Viongozi wa maduara, msimfute mgonjwa kwenye mgao wa kazi aliyokwisha kuifanya.

Nanyi vikundi vya kufa na kuzikana, nawajua kwa wepesi wa kuchanga turubai na sanda. Wepesi huo huo umfikie aliye hai: nauli ya kliniki, na zamu za kukaa naye ili mkewe au mama yake, anayemuuguza usiku na mchana, apate kupumzika.

Jambo hili liingie kwenye kikao kijacho cha kitongoji. Wagonjwa watajwe kwa ridhaa yao, zamu zigawanywe siku hiyo hiyo, na kila mmoja wetu achukue yake.