AFYA YA FAMILIA: Tazama Miguu Yao



Hapa Nkuhungu yupo mama mmoja ambaye tulizoea kumtembelea kila Jumatano. Ana kisukari cha aina ya pili kwa zaidi ya miaka 10. Tuliimba naye, tukaomba, tukanywa chai isiyo na sukari. Kwa wiki tatu alikaa miguu ameifunika kwa kitenge, wala hatukumwomba atuonyeshe, ingawa wauguzi tulikuwemo. Mjukuu wake ndiye aliyesikia harufu. Ndani ya unyayo ulikuwemo mwiba wa mgunga, na kidonda kilikwisha kufika mfupani. Alikatwa vidole viwili. Tangu siku hiyo tunauliza habari za miguu kabla ya kufungua Biblia.

Kwa nini hakusikia maumivu? Sukari ikikaa juu kwa miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, mguu ukafa ganzi. Mishipa ya damu nayo huziba, kidonda kikachelewa kupona. Mwaka 2005 Dkt. Zulfiqarali Abbas na wenzake wa Dar es Salaam waliandika habari za wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni wakiwa wamelala.

Walio katika hatari zaidi ni hawa:

1. Mwenye ganzi, au anayehisi kama anakanyaga pamba.
2. Aliyewahi kupata kidonda mguuni au kukatwa kidole.
3. Mwenye sugu, vidole vilivyopinda, au magaga yaliyopasuka, kama yatupatavyo wengi katika ukavu huu wa Dodoma.
4. Mwenye ugonjwa wa figo au macho hafifu, na mvuta sigara.
5. Anayetembea peku au kuvaa viatu vya kubana.

Basi tufanyeje? Kila jioni mgonjwa wako anapoosha miguu, tazama nyayo na katikati ya vidole. Maji yawe ya vuguvugu. Yapime kwa kiwiko chako, si kwa mguu wake. Kausha vizuri katikati ya vidole. Mafuta paka visiginoni, usipake katikati ya vidole. Kung'uta viatu kabla hajavivaa. Sugu isikatwe kwa wembe. Baridi ya Juni na Julai ikija, asisogeze miguu kwenye jiko la mkaa, avae soksi. Kama ni mkwe wako na heshima inakuzuia, mtume mjukuu. Macho ya mtoto ni makali.

Ukiona lengelenge, jeraha, uvimbe au ngozi iliyobadilika rangi, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata kama hasikii maumivu. Usiweke majivu wala dawa za kuchemsha. Na akienda kliniki ya kisukari, avue viatu hata asipoambiwa.

Bwana wetu alipotaka kuwaonyesha wanafunzi wake upendo, alitwaa beseni na taulo akawaosha miguu (Yohana 13). Beseni tunalo katika kila nyumba. Tulitumie jioni ya leo.