Tiba ya akili kwa simu Kalemie: mgonjwa ataongelea wapi?

Mtu aliyekimbia vita, anayekesha bila usingizi katika kambi ya wakimbizi wa ndani karibu na Kalemie, anaweza kuwa na simu mkononi. Daktari wa magonjwa ya akili anaweza kuwa Lubumbashi au Kinshasa. Je, simu hiyo inatosha kuwakutanisha?

Katika jimbo la Tanganyika, mahitaji ni makubwa. Mapigano kati ya Watwa na Waluba, yaliyoshika kasi mwaka 2016 na 2017, yaliwafukuza mamia ya maelfu ya watu vijijini mwao. Mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda na kuingia katika nyumba za Kalemie. Mwaka uliofuata, baada ya waasi wa M23 kuingia Bukavu mwezi wa Februari, familia nyingine zilifika mjini hapa zikitokea Kivu Kusini. Wenye kiwewe ni wengi, wataalamu ni wachache mno. Kituo cha Dokta Joseph Guislain, kinachotibu magonjwa ya akili, kiko Lubumbashi, na nauli ya kufika huko si ya kila mtu.

Janga la Covid-19 lilionyesha kwamba tiba ya mbali inawezekana, lakini si kwa usawa. Uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani, OMS, uliofanywa mwaka 2020 katika nchi 130, ulionyesha kuwa zaidi ya asilimia 80 ya nchi tajiri ziliitumia katika afya ya akili. Kwa nchi maskini, ilikuwa chini ya asilimia 50.

Wahudumu wa afya wanaoiunga mkono wanasema inapunguza safari na gharama, na inamwepusha mgonjwa na aibu ya kuonekana akiingia kwa "daktari wa wendawazimu". Wenye mashaka hawapingi teknolojia yenyewe. Wanauliza: mtandao ukikatika katikati ya mazungumzo, itakuwaje? Mgonjwa akisema anataka kujiua, nani atamfikia usiku huo?

Kwa Kalemie kuna swali jingine: faragha. Simu moja mara nyingi hutumiwa na familia nzima, na hema halina chumba cha pili. Mwanamke aliyebakwa hawezi kusimulia yaliyompata huku watoto na majirani wakisikia. Kanuni ya kidijitali ya Kongo, iliyotangazwa Machi 2023, inalinda taarifa binafsi, lakini haiwezi kumpatia mwanamke huyo mahali pa kuongelea.

Ndiyo maana njia inayofaa kuanza nayo si kumwacha mgonjwa peke yake na simu. Ni kuweka simu hiyo kwenye kituo cha afya, katika chumba kinachofungwa mlango, mkononi mwa muuguzi anayezungumza lugha ya mgonjwa. OMS yenyewe, kupitia mpango wake wa mhGAP ulioanza mwaka 2008, inahimiza wahudumu wasio mabingwa wafundishwe kutibu matatizo ya akili. Muuguzi wa Nyunzu au Moba anaweza kumsikiliza mgonjwa ana kwa ana, kisha akampigia bingwa kuuliza kuhusu dawa au hatua inayofuata. Mtandao ukikatika, mgonjwa bado ana mtu mbele yake.

Hilo linahitaji umeme, mega za intaneti, dawa, na mshahara wa muuguzi unaolipwa kwa wakati. Bila hivyo, simu itaita tu bila wa kuipokea.